Sungura Watatu Kwenye Zoni Netri

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa redio, shuka mbili na daftari jipya, mkasema, "Mzee, tuandikie mambo ya kazi." Redio inakamata stesheni moja tu, na shuka mke wangu amezificha kwa ajili ya wageni. Limebaki daftari. Habari za vyeo sitaziandika, kwa kuwa vilikuwa vichache na mnavijua vyote. Nitaandika kazi yenyewe, hasa kesi moja ambayo hadi leo nimeielewa nusu, na hiyo nusu niliielewa nikiwa nimekwisha chelewa.

Mimi nilisomea ng'ombe. Nilipoanza kazi hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Congo, baada ya vita, ng'ombe hawakuwako. Walikuwa wameliwa, wameibwa au wamevushwa mto, na wenye ng'ombe wengi walikuwa wameuawa. Siku ya kwanza nilifika ofisini nimevaa buti za mpira hadi magotini, begani kamba, mkononi kipimajoto kirefu cha mifugo na lile koleo la kuhasi mafahali ambalo huwezi kulibeba bila kuinama upande. Mkubwa wangu, Mzee Gaspari, alikuwa mganga wa mifugo tangu kabla sijazaliwa. Aliniangalia kuanzia buti hadi nywele, halafu akafungua sanduku la mbao lililokuwa kando ya meza. Ndani mlikuwa na sungura kumi na wawili.

"Ng'ombe yako njo hizi," akasema.

Tuliwagawa kwenye nyumba za wajane na za watu waliorudi, kwa sababu sungura anazaa upesi na anakula majani ya viazi vitamu bila kulalamika. Mzee Gaspari alinifundisha kumpindua sungura kwenye mapaja, kumtuliza kwa kumfunika macho, na kutazama kama ni dume au jike. Miezi mitatu ya kwanza nilikosea karibu nusu. Kuna familia moja ilingoja watoto kwa majuma mengi kutoka kwa madume wawili niliowapa kwa mkono wangu na baraka zangu. Mzee hakunikaripia. Alisema mnyama hasomi kitabu, na mimi inaonekana sisomi mnyama, basi tuko sare.

Nawaomba mwelewe hali ya miaka ile. Kila kitu kilikuwa kimevurugika. Wengine walikuwa wanarudi kutoka ng'ambo, wengine wanakimbilia ng'ambo, na nyumba ya mtu ungeikuta na mtu mwingine anayekukaribisha kwa adabu kwenye kiti chako mwenyewe. Vita vya kwanza vya Congo vilikuwa vimepita Bukavu, mji wa ng'ambo ya mto, vile vya pili havijaanza, na nchi ile ilibadilishwa jina huku wabeba mizigo wa mpakani wakiendelea kutumia majina yote mawili kwa siku moja. Ukiuliza nani mgeni na nani mwenyeji, watu walikutazama kana kwamba umeuliza swali la mtihani. Mimi mwenyewe sikujua, na ilinichosha kutojua.

Basi asubuhi moja aliniita Maman Zaituni wa Gihundwe. Alikuwa mshonaji, mke wa dereva mmoja aliyeitwa Selemani. Selemani alikuwa anapakia saruji Muganza na kuipeleka Bukavu, na vita vilipoingia Bukavu yeye na lori lake walikuwa huko. Hakurudi. Mkewe alijipa moyo kwamba amejificha kwa mama yake, kwenye mtaa wa juu wa Bukavu. Kisha siku moja mama huyo akavuka mpaka, akapiga hodi kwa mkwe wake, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Selemani eko ndani?" Alikuwa amejipa moyo kwamba mwanawe yuko kwa mkewe. Maman Zaituni aliniambia kwamba walisimama mlangoni, kila mmoja akichungulia nyuma ya mwenzake, mpaka bugali ikaungua jikoni.

Mama huyo tulimwita Koko, kama Wabukavu wanavyowaita bibi zao. Alikuja na kikapu kimoja, na ndani ya kikapu alikuwamo sungura jike wa rangi ya majivu aliyeitwa Mauwa. Selemani ndiye aliyempa. "Alisema, mama, unichungie huyu," Koko aliniambia, na kila alipolitamka hilo alikuwa anaweka kiganja juu ya mgongo wa Mauwa.

Maman Zaituni naye alikuwa na sungura wawili, mmoja mweusi na mmoja wa madoa, pia zawadi ya Selemani. Aliwaita Bwana na Bibi. Walikuwa wameshikamana: wanalala ubavu kwa ubavu, wanalambana uso, mmoja akisogea na mwenzake anasogea. Niliwapindua siku ile ile nikakuta wote ni majike. Nilinyamaza. Mwanamke ambaye mumewe amepotea hutaanza kumwambia kwamba hata Bwana si bwana.

Nilichoitiwa kilikuwa sikio. Maman Zaituni ni mtu aliyelelewa, na mgeni alipofika alimpokea kama alivyofundishwa. Alisafisha kibanda cha Bwana na Bibi, akatandika majani mapya, akaweka karoti katikati, akamwingiza Mauwa akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wenyeji walimrukia. Manyoya yaliruka mpaka kwenye cherehani, na sikio la kushoto la Mauwa lilichanika urefu wa kidole kizima. Nilimpaka dawa ya zambarau. Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka, anatazama kibanda.

Maman Zaituni alinisindikiza mpaka kwenye barabara, akasimama karibu na kuongea kwa sauti ya chini ili asisikike.

"Veterineri, unisaidie. Ule mama hakulaka bugali yangu. Anasema tumbo, lakini haiko tumbo. Anaona sungura yake inakataliwa, anafikiri na yeye tunamukatala. Atarudia kule."

"Kule kuna nini sasa?"

"Kuna nini? Basoda na bunduki zabo, na nyumba bila muntu. Atakufa kule peke yake. Na Selemani akifika hapa, akiniuliza mama yangu eko wapi, nitamujibu nini? Ufanye bazoeane. Bakizoeana, atabaki."

Nikamwambia: wakizoeana, atabaki. Nilisema kwa sauti ya daktari. Nilijiona nimepata kesi ya maana kuliko ng'ombe wote wa chuoni.

Kwanza nilitenga vibanda. Niliweka cha Mauwa hatua mbili kutoka cha wale wawili, wavu kwa wavu, waonane bila kufikiana. Kila asubuhi nilipita kabla ya kazi na kubadilisha majani, ya huku nikayapeleka huku, wapate kuzoea harufu. Niliwapangusa wote watatu kwa kitambaa kimoja. Hii ni njia nzuri, iandikeni. Lakini siku ya nane yule mweusi bado alikuwa anapiga mguu chini kila Mauwa alipogeuka, na siku ya kumi, nilipovisogeza vibanda vikagusana, alimuuma puani kupitia wavu.

Koko alikuwa ananingoja kila asubuhi, amekwisha funga kitambaa kichwani.

"Veterineri, bamezoeana?"

"Bado, Koko. Polepole."

"Polepole ya siku ngapi?"

"Siwezi kujua. Sungura ni kama binadamu."

"Basi itakuwa miaka," akasema, akaingia ndani.

Nilifurahi moyoni kwa haraka yake. Nikawaza: mama huyu anataka kukaa, anataka amani ya nyumba, ndiyo maana anauliza kila siku. Nilimwambia hivyo Maman Zaituni, naye akafurahi, akaongeza mchicha kwenye mboga. Koko alianza kula kidogo. Mnaona jinsi nilivyokuwa naielewa kesi.

Ofisini kulikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa cha ufugaji wa sungura, kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo. Kifaransa changu kilikuwa cha kusomea karatasi za chanjo tu. Nilikifungua jioni moja, nikatafuta mahali panapozungumzia sungura mpya na sungura waliokwisha shikamana, nikapapata. Maneno mengi yalinipita, lakini moja nililishika: wakutanishwe mahali ambapo ni neutre.

Mtu wa Kigali au wa Huye angelielewa vingine. Lakini sisi wa hapa neno hilo tulikuwa tunalitumia kila siku, na lilikuwa na mahali pake pa pekee duniani. Zoni netri, yaani sehemu isiyo ya upande wowote, ni kile kipande cha barabara pale mpakani Rusizi ya Kwanza, kati ya kizuizi chetu na kizuizi cha Congo, pamoja na daraja. Ukiwa pale hujatoka kabisa, wala hujaingia. Nilikaa na kitabu magotini nikishangaa jinsi Wazungu walivyo na akili, kwamba hata daraja letu wanalijua.

Mzee Gaspari alinieleza baadaye kwamba kitabu kilimaanisha jikoni kwa jirani, au kona yoyote ambapo sungura hao hawajawahi kukojoa. Lakini juma lile alikuwa Bugarama kwenye mbuzi waliokuwa wanaharisha, na mimi niliona aibu kumwuliza mtu mwingine. Ndugu zangu, ulizeni. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja.

Nilipowaeleza wanawake wale wawili, Maman Zaituni alishika mdomo. "Tubebe sungura mpaka ku mpaka? Batatucheka." Koko ndiye aliyeshangaza. Alisimama palepale.

"Kama kitabu kinasema, twende," akasema. "Kesho."

Tulishuka asubuhi, mimi na kikapu cha Bwana na Bibi, Koko na kikapu chake amekiegemeza kiunoni, Maman Zaituni na kitenge cha kuwazungushia. Njia ya kushuka ilikuwa imejaa wanawake wenye mizigo kichwani, unga, sabuni, nyanya. Nilijaribu kumpokea Koko kikapu chake kwa kuwa kilionekana kizito kuliko sungura mmoja. Akakivuta upande wa pili. "Wachana nayo. Miye natembea mlima ya Bukavu tangu zamani."

Pale kizuizini kulikuwa na askari kijana na meza na kaye kubwa ya kuandikia. Kizuizi ni neno ambalo miaka ile lilitukumbusha sote waliouawa vizuizini wakati wa vita, hata kizuizi kikiwa ni gogo tu la kuinua na kushusha. Askari alifunua vikapu.

"Hizi munazipeleka soko?"

"Hapana, afande. Tunaenda nazo hapa katikati tu, zoni netri. Halafu tunarudi."

"Kufanya nini?"

Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe la kazi. Nikajinyoosha. "Kuzoeana."

Akaniangalia. Akamwita mwenzake, mwenzake akaniangalia. Wakaongea kidogo kwa Kinyarwanda kuhusu afya yangu. Mwishowe yule wa kaye akaandika, akisoma kwa sauti huku anaandika: sungura batatu, kuzoeana. Akainua gogo.

Tulichagua kona yenye majani kando ya barabara, kabla ya daraja. Maman Zaituni na mimi tulishika kitenge kukawa kama ukuta, Koko akaketi chini akafunga mduara kwa miguu yake. Nikawatoa mmoja mmoja. Nilitegemea vita. Hawakupigana. Waliganda, kila mmoja kwenye kona yake, masikio yamelala, pua zinatetemeka. Wabeba mizigo walisimama kututazama, na mmoja akauliza kama ni uchawi wa Kizungu au wa Kishi, wa watu wa kandokando ya Bukavu.

Ndipo lori la askari likaja kutoka upande wa pili. Daraja lile lilikuwa na mbao, na mbao zililia chini ya magurudumu mpaka ardhi ikatikisika pale tulipokuwa. Dereva akapiga honi mfululizo. Nilimfikiria Selemani, na bila shaka wanawake wale wawili pia walimfikiria, kwa sababu sote tuligeuka kumtazama dereva. Hakuwa yeye. Nilipogeuka tena, sungura wote watatu walikuwa kwenye paja la Koko, wamejisukumia chini ya khanga yake, mmoja juu ya mwingine, huwezi kujua mguu ni wa nani.

Lori likapita. Tulingoja. Yule mweusi, yule mkali, alitoa kichwa, akatazama huku na huku. Kisha akaanza kulilamba sikio la Mauwa, lile lililochanika, polepole, mpaka zambarau ikamganda mdomoni.

Nilitaka kupiga kelele. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna kitu kilichonifurahisha kama ulimi ule wa sungura. Maman Zaituni alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Bamezoeana," alisema Koko. Safari hii hakuwa anauliza.

Aliwainua mmoja mmoja, akawaweka wote watatu kwenye kikapu changu. Halafu akachukua kikapu chake, akaondoa majani yaliyokuwa juu, na chini ya majani mlikuwa na furushi: nguo mbili, sufuria ndogo, karatasi zake zimefungwa kwenye nailoni. Akajitwisha furushi.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Niliwaza kwamba anataka kufua.

"Mama," akasema Maman Zaituni. Siku zote alikuwa anamwita Koko kama sisi, au mama ya Selemani. "Mama, unaenda wapi?"

"Kule. Kumutafuta mutoto wangu."

"Tumutafute wote. Ungoje, tupate habari."

"Nilingoja. Siku zote hizi nilikuwa nangoja sababu ya Mauwa." Alionyesha kikapu kwa kidevu. "Selemani aliniambia nimuchungie. Siwezi kutembea naye mu barabara, nilale leo hapa, kesho kule. Na siwezi kumuacha kwa benye kumuluma. Sasa eko na bandugu bake. Mikono yangu iko bure."

"Na miye?"

Koko alimshika mkwe wake uso kwa viganja vyote viwili. "Weye, ukae mu nyumba. Akikuya kwako, asikute mulango imefungwa. Na miye nitafungua yangu. Atafika kwa moja."

Nikajiingiza mimi, na koti langu. Nikamwambia kule kuna hatari, yeye ni mtu mzima, afadhali angoje. Alinisikiliza vizuri, kama mtu anavyomsikiliza daktari.

"Aksanti sana, veterineri," akasema. "Umefanya kazi muzuri."

Wengi wamenishukuru kazini. Shukrani ile ndiyo pekee ninayotamani ningeirudisha. Akavuka daraja, akatoa karatasi zake upande wa pili, mtu akazitazama akazirudisha, na kitambaa chake kikapotea kati ya mizigo ya wengine.

Tulirudi kizuizini wawili. Yule askari wa kaye alitukumbuka. Akaweka kidole kwenye mstari wake, akafunua kikapu, akahesabu: moja, mbili, tatu. Watatu walikuwa wamelala rundo moja.

"Bamezoeana kweli," akasema, na uso wake ulifurahi kabisa. Akaandika kitu. "Mulitoka na batatu, munarudi na batatu. Muko kamili. Mupite."

Mzee Gaspari aliporudi nilimsimulia. Alicheka zoni netri yangu mpaka akashika meza, kisha nikafika kwenye furushi, naye akaacha kucheka, akaanza kusafisha sindano ambazo zilikuwa safi. Habari za Koko tulizipata mara mbili kwa mdomo wa wauza nyanya: yuko, anauliza kama sungura wanakula. Tulijibu wanakula. Kisha vita vya pili vikaanza, mpaka ukafungwa, na hatukupata tena kitu. Selemani sijui. Nimestaafu sijui. Mauwa alikufa kwa uzee, katikati ya wenzake, na hilo ndilo jambo pekee katika kesi hii ninaloweza kuwaandikia kwa uhakika.

Kwa hiyo mkipata kesi ya namna hii, vibanda viwe karibu, badilisheni majani, tafuteni kona ngeni kwa wote. Lakini kwanza mwulizeni mwenye mnyama: wakipatana, wewe utafanya nini? Mimi niliuliza sungura wanakula nini, wana miaka mingapi, wanakunya vipi. Hilo sikuliuliza.

Siku ile, baada ya kutoka kizuizini, tulipanda mlima. Kikapu alikuwa nacho Maman Zaituni, amekikumbatia, na wale watatu hawakucheza hata mara moja. Karibu na nyumba yake alisimama. Hakunitazama.

"Veterineri," akasema, "kama ungebaacha bapigane..."

Hakumaliza. Aliingia ndani na kikapu, na mlango akauacha wazi.